Kutoa albamu ya folki huru ukiwa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwimbaji na mpiga gitaa, mkazi wa Kinondoni, na albamu yangu niliirekodi na kuiachia kwa gharama zangu mwenyewe, bila lebo na bila meneja. Tangu wakati huo nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale na vijana wenye magitaa, na walimu wa kwaya, na mara mojamoja na wazazi wanaotaka kujua mtoto wao anafanya nini chumbani usiku kucha. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Palipo na jibu fupi nimelifupisha, na pale nilipowahi kuumia ndipo nilipokaa zaidi.

Folki huru ni muziki wa namna gani?

Ni muziki wa sauti ya mtu na chombo kimoja au viwili, mara nyingi gitaa lisilo la umeme, ambamo maneno hubeba uzito kuliko mdundo. Jina unalofahamika nalo duniani ni indie folk, na ulikua Marekani katika miaka ya 1990, pale wanamuziki waliolelewa katika roki ya lebo ndogondogo walipoanza kurudi kwenye nyimbo za masimulizi. Elliott Smith alirekodi albamu yake ya kwanza, iliyotoka 1994, katika chumba cha chini ya nyumba mjini Portland, kwa mashine ya kanda yenye njia nne tu. Sam Beam, anayetumia jina la Iron & Wine, alijirekodi nyumbani kwake Florida, na lebo ya Sub Pop ya Seattle ikazitoa rekodi hizo mwaka 2002. Fleet Foxes, kundi la Seattle lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2008, lilijulikana kwa sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine, na mtu yeyote aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa hapa kwetu atalielewa kundi hilo kabla hajaelewa neno moja la mashairi yake.

Neno "huru" halielezi mtindo wa kupiga gitaa. Linaeleza ni nani mwenye kazi. Aliye huru hakuiuza rekodi yake kwa kampuni kubwa, akalipwa kidogo mbele na kukatwa sana nyuma. Ameilipia mwenyewe, ameimiliki mwenyewe, na kila kazi ambayo kampuni ingeifanya imemwangukia yeye. Karibu majibu yote yanayofuata yanatokana na sentensi hiyo.

Je, huu si muziki wa watu wengine? Kwa nini Mtanzania aupige?

Jina ni la wengine, lakini shughuli yenyewe ni ya zamani kwetu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, alizunguka dunia akiwa na zeze na ilimba na sauti yake, na albamu yake ya Chibite ilitolewa na lebo ya Real World ya Uingereza mwaka 1996. Lebo hiyohiyo ilikuwa imemtoa Mkenya Ayub Ogada mwaka 1993, mtu aliyekaa na nyatiti yake na kuimba kwa utulivu ambao wasikilizaji wa folki wa Ulaya waliutambua mara moja kuwa ni wa jamii yao. Wahaya wana enanga, chombo chao cha nyuzi, na wazee wake walisimulia habari za watawala na vita wakiwa wameketi, bila ngoma. Ukitafuta mtu mmoja, chombo kimoja na kisa kirefu, huna haja ya kuvuka bahari.

Kitu ambacho ningekusihi usikiazime ni lafudhi. Nimesikia vijana wenye vipaji wakiimba Kiswahili kwa pua, wakimeza silabi za mwisho kwa sababu ndivyo waimbaji wa Kiingereza wanavyofanya, na neno linafia mdomoni. Kiswahili humaliza maneno kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Tuni inayopandisha silabi isiyostahili hubadili neno: ukisema barabára umetaja njia ya magari, ukisema barábara umesema sawasawa. Kabla ya kutafuta kodi za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, soma mashairi yako kwa sauti ya kawaida, usikilize sauti inapanda wapi na inashuka wapi, kisha uiache tuni ifuate huko. Wale waliosoma ushairi shuleni wana faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani silabi, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na kipimo hicho hukaa juu ya mzunguko wa kodi nne kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya gitaa. Mshororo wa utenzi wenye mizani nane ni mzuri zaidi kwa kisa kirefu. Nyimbo tatu za albamu yangu zilianza kama tenzi, na ndizo watu wanazoziimba pamoja nami.

Albamu inatakiwa iwe na nyimbo ngapi?

Majukwaa makubwa ya kidijitali kwa kawaida huhesabu kazi yenye nyimbo saba au zaidi, au iliyopita dakika 30, kuwa ni albamu. Yenye nyimbo nne hadi sita chini ya muda huo huitwa EP. Neno albamu lenyewe lilitokana na majalada yaliyobeba sahani kadhaa za santuri za zamani, mfano wa majalada ya picha. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilipoleta santuri ndefu inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kazi nzima ikaingia kwenye sahani moja, na kila upande ukabeba takriban dakika 20 na ushei. Nadhani kipimo hicho cha zamani bado kina busara kwa muziki wa utulivu. Nyimbo tisa au kumi, dakika 35 hadi 40, zinatosha. Ukipita hapo, sauti moja na gitaa moja huanza kumchosha hata anayekupenda.

Kwa nini nisiachie wimbo mmojammoja kama wasanii wengine wa mjini?

Unaweza, na kwa muziki wa kuchezwa kwenye sherehe ndiyo njia iliyo bora. Wimbo wa singeli au wa Bongo Fleva huingia mtaani peke yake, ukishikwa na madereva wa bodaboda na wapiga muziki wa harusi, kisha unafuatwa na mwingine. Wimbo wa folki haufanyi hivyo. Huzoeleka polepole, na mara nyingi maana yake hukamilika pale unapowekwa baada ya wimbo fulani na kabla ya mwingine. Kwenye albamu yangu kuna wimbo wa dakika mbili wa mama anayemsubiri mwanawe kwenye kivuko cha Kigamboni, na peke yake ungeonekana haujaisha. Lakini wimbo unaoufuata ni wa mwana huyo akiwa upande wa pili wa maji, na hapo ndipo msikilizaji hunyamaza.

Njia ninayoipendekeza ni ya katikati. Achia nyimbo mbili kwanza, zikiwa zimepishana wiki nne hadi sita, kisha utoe albamu nzima. Nyimbo hizo mbili zisiwe lazima zile unazodhani zitapendwa zaidi; ziwe zile zinazomwambia mgeni kwa ukweli nyumba hii ikoje ndani.

Ninaweza kurekodi nyumbani, katika jiji lenye kelele kama hili?

Unaweza, ila itakubidi ulijue jiji kwa masikio kuliko unavyolijua kwa macho. Justin Vernon, anayejulikana kama Bon Iver, alirekodi sehemu kubwa ya albamu iliyomtambulisha akiwa peke yake katika kibanda cha baba yake porini Wisconsin, wakati wa baridi ya 2006 kuingia 2007, na theluji ilimlindia ukimya. Sisi hatuna theluji. Tuna feni, kunguru, bajaji, jenereta la jirani, muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake, na adhana ambayo ni wajibu wetu kuiheshimu na pia kuipangia ratiba.

Nilikaa wiki nzima bila kurekodi chochote, nikiandika tu kila saa kuna sauti gani. Kunguru huanza kabla jua halijachomoza na hawanyamazi hadi magharibi. Baada ya isha mtaa huwa bado na watu. Kuanzia saa nne usiku hadi kabla ya adhana ya alfajiri nilipata saa sita hivi nzuri, isipokuwa Ijumaa kwa sababu ya mkesha wa kanisa la jirani, na Jumamosi kwa sababu ya vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha. Basi nilirekodi Jumapili hadi Alhamisi. Hivyo ndivyo albamu ilivyochukua miezi minne badala ya wiki tatu nilizozitarajia, na sijutii hata usiku mmoja.

Chumba kiwe kidogo na chenye vitu laini. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mazito ukutani, na kabati la nguo lililoachwa wazi hufanya kazi nzuri ya kumeza mwangwi. Vitenge na khanga ni vyepesi mno kwa kazi hiyo. Fahamu pia kwamba godoro humeza mwangwi wa ndani, lakini halizuii kelele ya nje. Kelele ya nje huzuiwa na ukuta mzito au na kusubiri. Zima feni, zima friji, na uandike karatasi ya kukukumbusha kuliwasha tena, maana mimi niliharibu samaki wa siku mbili. Tumia kompyuta ikiwa kwenye betri, kwa sababu umeme wetu wa hezi 50 huacha mngurumo mwembamba kwenye nyaya ambao huusikii hadi siku ya miksi, yaani ya kuchanganya sauti zote. Kwa gitaa, weka maikrofoni umbali wa sentimita 20 hadi 30, ikielekea pale shingo inapokutana na tumbo la gitaa; ukiielekeza moja kwa moja kwenye tundu utapata mvumo mzito usiosafishika. Rekodi kwa biti 24, uache nafasi ya kutosha juu, na usiifukuzie taa nyekundu inayoonya kwamba sauti imezidi.

Halafu kuna mvua. Mvua ya masika juu ya bati hufuta kila kitu, na usiku mmoja wa Aprili niliacha kupambana nayo. Nilisogeza maikrofoni ya pili dirishani nikaimba pamoja nayo. Wimbo huo ndio unaofunga albamu. Sipendi mtu aichukue habari hii kama ruhusa ya uzembe, kwa sababu kelele ya jenereta haiwi sanaa kwa kuipa jina hilo, lakini zipo sauti za mahali ambazo ni sehemu ya wimbo, na kazi yako ni kuzitofautisha.

Gitaa langu linapoteza tuni na nyuzi zinapata kutu. Nifanyeje?

Magitaa ya mbao yenye ubao halisi hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hapa pwani unyevu mara nyingi hupita asilimia 70. Mbao huvimba, nyuzi hunyanyuka juu ya shingo, na gundi hulegea. Lihifadhi gitaa ndani ya sanduku lake pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, usiliegeshe kwenye ukuta wa nje, na lisiachwe ndani ya gari hata kwa dakika kumi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, na uweke nyuzi mpya siku moja kabla ya kurekodi, si saa moja kabla, ili ziwahi kutulia.

Prodyuza wangu amezoea biti. Nimweleze nini?

Mwambie kabla ya kuanza kulipana kwamba sauti na gitaa vitarekodiwa kwa pamoja, kwa sababu ukivitenganisha, pumzi ya mwimbaji na mkono wake havitakutana tena. Mwambie sauti isinyooshwe kwa programu, na kwamba si lazima wimbo ufuate mdundo wa mashine. Wimbo wa masimulizi huvuta na kuachia kama mtu anavyosema. Mpelekee nyimbo mbili za mfano azisikilize kwa spika zake. Wengi wa maprodyuza niliofanya nao kazi mjini walikuwa na hamu ya kitu cha tofauti na walinipa zaidi ya nilichoomba.

Jambo la kubishana kwa heshima ni ukubwa wa sauti. Mazoea ni kubana wimbo hadi uwe mkubwa kama tofali. Kwenye Spotify kubana huko hakukusaidii, kwa sababu jukwaa hilo hushusha au kupandisha nyimbo zote kuzunguka kiwango cha LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Wimbo uliobanwa utashushwa, na utakachobaki nacho ni ubapa wake. Uache unong'ono uwe unong'ono.

Nani mwenye wimbo, na ninaulindaje?

Kwenye kila wimbo uliorekodiwa kuna haki mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na tuni. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile ambayo wenye kazi huiita masta. Mtunzi anaweza kuwa wewe, na masta ikawa ya mtu mwingine kabisa.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na ofisi yake ni COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, na chini ya mkataba huo hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa, haisubiri cheti. Ulinzi wa utunzi huendelea katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, isajili kazi COSOTA, kwa kuwa siku ya ugomvi mwenye karatasi husikilizwa mapema. Kujisajili kama msanii ni suala jingine, nalo liko BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Fanya yote mawili kabla ya albamu kutoka.

Sasa niseme lililonipata. Miaka ya nyuma nilirekodi nyimbo nne katika studio moja, nikalipa, tukapeana mikono, tukanywa soda. Hatukuandika chochote. Nilipozitaka rekodi nizimalizie kwingine niliambiwa kwamba vifaa ni vya studio na hivyo masta ni za studio, na mimi nilikuwa nimelipia muda tu. Sikuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha vinginevyo. Nyimbo hizo nne sijazipata hadi leo, na mbili kati yake nilimtungia marehemu baba yangu. Kwa hiyo nakusihi: kabla hujafungua mdomo mbele ya maikrofoni, pawe na ukurasa mmoja unaosema nani anamiliki masta, nani analipwa kiasi gani, malipo ni ya mara moja au ni ya asilimia, na kwamba utakabidhiwa mafaili yote ya kila sauti, siyo wimbo uliochanganywa peke yake. Mtie sahihi wote wawili. Prodyuza mwema hatachukia; yeye naye anahitaji ukurasa huo.

Fanyeni vivyo hivyo ninyi wenyewe kwa wenyewe. Shemeji aliyepiga marimba, rafiki aliyetunga kiitikio mkiwa kwenye daladala, mwanakwaya aliyeimba sauti ya pili, wote waandikwe jina na asilimia wakati wimbo bado hauna hata shilingi. Asilimia ni rahisi kuigawa ikiwa bado haina kitu ndani yake.

Ninataka kutumia wimbo wa jadi niliofundishwa na bibi. Inaruhusiwa?

Sheria hiyohiyo ya 1999 inazitambua sanaa za jadi, na inaitaja BASATA kuwa ndiyo yenye kutoa kibali pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya mila. Nenda uulize kabla, ukiwa na maneno na rekodi ya mfano. Mbali na sheria, upo wajibu. Andika kwenye jalada wimbo umetoka kwa watu gani na wa wilaya gani, na kama kuna mzee aliyekuimbia hadi ukaushika, mlipe kama unavyomlipa mpiga gitaa, kisha umpelekee albamu aisikilize kabla ya wengine. Usiandike jina lako peke yako mahali pa mtunzi.

Nyimbo zinafikaje Spotify, Apple Music na Boomplay?

Hupitia kwa msambazaji wa kidijitali, ambaye wewe unamlipa ada ya mwaka au unamwachia sehemu ya mapato, naye huzipeleka kote kwa siku moja. Apple Music ilifunguliwa Tanzania mwaka 2020 na Spotify mwaka 2021, na Boomplay ilikuwa imeshazoeleka kabla yao. Kila wimbo hupewa namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, ambayo ndiyo kitambulisho chake popote utakapochezwa. Iandike daftarini, kwa sababu ukibadili msambazaji utaihitaji ili hesabu ya wasikilizaji isianze upya. Picha ya jalada iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000.

Kabidhi kila kitu angalau wiki nne kabla. Spotify inakuruhusu kupendekeza wimbo mmoja kwa wahariri wao kabla haujatoka, na ukifanya hivyo siku saba au zaidi kabla, wimbo huo utawafikia wafuasi wako katika orodha yao ya nyimbo mpya za wiki. Siku ya kutoa kwa kawaida ni Ijumaa, na utaratibu huo wa dunia nzima ulianza tarehe 10 Julai 2015. Kagua tahajia ya majina mara tatu. Mimi nilipeleka "Bahari" ikiwa imeandikwa "Bahrai", na kwa siku kumi na moja aliyeutafuta wimbo huo hakuupata.

Je, nitarudisha gharama zangu?

Kwa kusikilizwa mtandaoni peke yake, ni vigumu sana, na sitaki mtu akope kwa matumaini hayo. Tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita. Kwa upande wa YouTube, mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya huko, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, makato hufika asilimia 30; usipojaza taarifa zako za kodi, makato yanaweza kugusa hata mapato ya watazamaji wa nchi nyingine.

Fedha yangu ilitoka kwa watu niliowaona kwa macho. Kiingilio cha maonyesho madogo, mauzo ya moja kwa moja kwa Lipa Namba mlangoni, na Bandcamp, ambako wasikilizaji wa nje hununua albamu nzima na jukwaa huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Kabla hujategemea jukwaa lolote la nje, hakikisha kwanza lina njia ya kulipa inayokufikia ukiwa Tanzania. Nilirudisha gharama baada ya mwaka na miezi mitatu.

Nichapishe CD au santuri?

Watu wengi ninaowafahamu hawana tena mashine ya CD, na santuri ni nzito, ni ghali kuisafirisha, na huhitaji ushuru. Nilichochapisha mimi ni kijitabu cha mashairi yote, kurasa 24, chenye msimbo wa kuskani unaompeleka mnunuzi kwenye albamu. Kiliuzwa hadi kikaisha, na walimu wawili walikinunua kwa ajili ya darasa.

Uzinduzi ufanyike wapi na lini?

Tafuta mahali ambapo watu hukaa na kusikiliza. Baa haifai, kwa sababu utaimba ukishindana na mpira. Nafasi Art Space iliyoko Mikocheni, Alliance Française na Goethe-Institut zilizoko Upanga, na Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert zote zimewahi kupokea muziki, na kila moja ina utaratibu wake wa maombi, hivyo andika miezi mitatu kabla. Epuka masika, Machi hadi Mei, kama ukumbi ni wa wazi. Epuka pia mwezi wa Ramadhani, kwa heshima na kwa hesabu ya watu pia. Tangaza saa kumi na mbili na nusu jioni, uanze saa moja na nusu, maana foleni ya magari kwenye makutano ya Morocco na ya Mwenge haijali tangazo lako, na aliyefika mapema umpe kiti cha mbele.

Ukitaka jukwaa kubwa zaidi, tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika Zanzibar tangu 2004, kwa kawaida Februari, na linataka muziki upigwe moja kwa moja bila kanda ya kusindikiza, jambo ambalo kwa mpiga gitaa ni faida tupu. Maombi hufungwa miezi mingi kabla.

Redio zitaucheza?

Vipindi vya mchana, mara chache. Vipindi vya usiku, vya utamaduni na vya mahojiano, ndiyo. Andika barua fupi kwa mtangazaji mmoja unayemsikiliza kweli, umtajie wimbo mmoja na kwa nini unafaa kipindi chake.

Baada ya albamu kutoka, mafaili niyaweke wapi?

Bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa nyimbo nyingi za enzi hiyo, kilichotufikia ni kile kilichotunzwa kwenye kanda za redio hiyo, kwa sababu wapigaji wenyewe hawakuwa na nakala. Wewe unaweza kuwa nayo. Weka masta katika mfumo wa WAV, pamoja na mafaili ya kila sauti, mkataba uliopigwa picha, orodha ya namba za ISRC na mashairi yaliyoandikwa kamili. Nakala moja ibaki nyumbani ndani ya chombo kisichopitisha unyevu, moja iwe mtandaoni, na ya tatu ikae kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine. Yangu iko kwa dada yangu Dodoma, kwenye kabati kavu, ndani ya bahasha yenye jina langu na la mtoto wangu.